Fremu za Baba Kulwa

Samuye, Jumatano jioni, 1954

Vidole viwili. Fremu zetu, zile za mbao ambazo nyuki hujengea masega, zimezidi sanduku jipya kwa vidole viwili tu, na kwa ajili hiyo nimeshinda kutwa nzima na msumeno.

Sanduku lililetwa juzi na lori la Geita. Ni la baruti, la huko mgodini anakofanya kazi mume wangu. Amelipiga randa vizuri, akaweka na barua ndani: fremu za mizinga ya hapa nyumbani nizifupishe zote ziingie kwenye masanduku ya namna hii, kwa sababu ameanza kufuga nyuki huko.

Jirani yangu, fundi Ngassa, alikuja kunisaidia. Akapima, akapima tena.

“Mama Kulwa, tukishazikata zitadondoka ndani ya mizinga ya hapa. Hazitarudi tena. Una hakika?”

“Mwenye mizinga ndiye aliyesema.”

Nilimjibu kwa ukali na hakustahili. Akakata, mimi nikishika mbao zisicheze.

Zimeingia vizuri, lazima niseme. Hata fundi alitabasamu. Mimi nilijitia kufagia.

Tangu wanangu Kulwa na Doto waolewe, sauti iliyobaki uani ni ya nyuki. Nimeizoea kuliko nilivyomzoea...

Barua nimeisoma tena sasa hivi, polepole, nikidhani labda kuna mstari niliouruka. Anasema mvua zikiisha atakuja kuchukua nyuki.

Nyuki tu.