Matundu Manne ya Chumba cha Mama

Mtaa wa Dallas, Embu
Jumamosi, 13 Septemba

Kwako Aunti Kananu,

Pokea salamu zangu, na ziwe nyingi kama majani ya miraa huko kwenu Muthara. Mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka niandike mchanga wa bahari, lakini bahari sijawahi kuiona, na miraa niliiona ile siku tulipokuja kwenu na Baba kukuposa. Waendeleaje? Mdogo wangu Ndwiga je? Bado ana kile kikohozi cha kukwaruza, au hewa ya kwenu imemtengeneza? Ameanza kugeuka mwenyewe? Sisi hapa tu wazima, ila Baba anakula kidogo. Mimi naenda shule asubuhi, narudi saa kumi, napika, tunakula bila kuongea.

Najua utashangaa kupata barua. Nimejaribu kukutumia meseji mara sita, nikafuta zote. Wewe wanijua. Katika mwaka mmoja tulioishi pamoja, sidhani kama nilikuambia maneno mia, na mengi yalikuwa "sawa" na "asante Aunti". Kwa karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Nianze na habari za nyumba. Siku ile kaka yako Bundi alipokuja kuwachukua, Baba alifunga chumba chenu kwa kufuli akahamia kwenye kochi. Lile doa la ukutani halikujali kufuli. Ulipoondoka lilikuwa limefika kimo cha mtoto wa nasari. Wiki mbili baadaye lilikuwa limepata mabega. Lilikuwa jeusi katikati na kijani pembeni, kama mkate uliosahaulika kabatini, na juu ya mabega palikuwa na kitu cha mviringo ambacho sikutaka kukitazama.

Nyanya yetu, Cucu Cicily, alikuja kutoka Runyenjes kuombea nyumba. Baba alipomfungulia, alisimama mlangoni na Biblia yake, mguu hakuingiza. Akasema kwa Kiembu kwamba mwenye kitanda amerudi kudai kitanda chake, na aliyekuwa amelala pale alionyeshwa njia kwa upole, angengoja angeonyeshwa kwa ukali. Jirani yetu Mama Stephen, ambaye kwa maombi hakosi, aliongeza kwamba husikia Wameru wana hasira, lakini huyu mmoja amekutana na Mwembu aliyemshinda hasira, tena marehemu. Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi wakanyamaza. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe. Nilisikia yote.

Aunti, hata mimi nilikuwa naliogopa. Nikitoka shule nilikuwa naweka sikio kwenye ule mlango. Sauti uliyotuambia unaisikia mchana ukimnyonyesha Ndwiga ilikuwa bado ipo: kama mtu anayevuta pumzi akiwa amezibwa mdomo. Baba alikuambia ni panya. Nilikuwa nasema polepole, habari ya mchana Mama, halafu nakimbia kwenda kuwasha moto.

Kilichomtoa Baba kwenye maombi ni koti lake la kanisa. Alilitoa kabatini Jumapili likiwa limeota manyoya meupe hadi mifukoni. Kesho yake alileta fundi, mzee mmoja wa Majengo anayeitwa Yusuf, anayetengeneza nyumba zilizoharibiwa na maji. Fundi Yusuf aliingia bila kuomba, akanusa, akamwambia Baba kwamba amefanya kazi miaka thelathini na hajawahi kukutana na jini anayenuka soksi mbichi. Hii, akasema, ni kuvu tu.

Alibonyeza ukuta kwa kidole gumba, plasta ikaingia ndani kama ugali. Akapanda juu ya mabati akakagua misumari na mfereji wa mvua. Akazunguka msingi wote. Aliporudi alisema hakuna maji yaliyoingia kutoka nje. Haya maji, akasema, yametoka midomoni mwenu. Mtu akilala anapumua maji, nepi zikianikwa ndani zinapumua maji, sufuria ikichemka ni hivyo hivyo, na maji hayo yasipopata njia yanalala ukutani. Akamuuliza Baba chumba hiki kinapumulia wapi. Baba akamwonyesha yale matundu ya hewa juu ya madirisha, mawili kila upande, na waya wake. Ukiwa ndani yanaonekana sawa, ni giza tu.

Fundi akachukua ngazi akaenda nyuma ya nyumba, upande wa migomba, akaniambia nimshikilie.

Nilimshikilia, Aunti. Nilijua atakachokipata.

Mama alipokufa chumba kilibaki na harufu yake, mafuta ya cherehani na sabuni ya kipande. Kila nilipofungua mlango nilikuta imepungua. Nikafikiri inatokea juu. Basi siku moja Baba akiwa kazini nilipanda ngazi hiyo hiyo, nikabandua waya wa nje, nikaziba matundu yote manne kwa nguo zake: kitambaa cha bluu alichofunga kichwani siku za akina mama wa kanisa, blauzi moja, na leso niliyoikata vipande viwili. Nilizisukuma ndani kwa rula yake ya kushonea, nikarudisha waya. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alipokuoa, sikuzitoa.

Fundi Yusuf alivuta kile kitambaa kwanza. Kilitoka kirefu, cheusi, kinadondosha maji. Akanitazama kutoka juu, akaniuliza polepole ni cha nani. Niliishika ngazi kwa mikono miwili. Hakuniuliza tena. Alizitoa zote akazitia kwenye mfuko wa karatasi, akaniwekea mfuko huo miguuni, akaenda kumwambia Baba kwamba amepata matambara kwenye matundu. Akamwambia tena kwamba amshukuru Mungu, kwa maana chumba kama hicho mtu akiingiza jiko la makaa anaweza kulala asiamke.

Baba alikaa chini. Kisha akasema ni wewe. Kwamba ulikuwa ukilalamikia baridi ya Embu kila siku, ukaziba hewa, ukaingiza jiko, ukakaribia kumuua mtoto wake, na kumbe watu wakamsingizia marehemu. Alimpigia Cucu simu akamwambia hatakuja kuwachukua. Kwamba mtoto atakuja kumchukua kwa njia ya wazee, na wewe ubaki kwenu.

Nilikuwa hapo nimeshika ule mfuko.

Sasa ngoja niandike kile ambacho nimezunguka kurasa hizi zote kukikwepa. Ile asubuhi ya Julai yenye manyunyu, ni mimi uliyeniomba nikuletee jiko ili Ndwiga apate joto. Nililipepea nje mpaka moshi ukaisha, kama ulivyonifundisha, nikalibeba kwa mikono yangu nikaliweka kando ya kitanda. Uliniambia asante, mama. Nikainua macho nikaona matundu. Usifikiri nilikuwa nimesahau. Kwa sayansi tulikuwa tumefundishwa habari ya makaa na hewa. Nilijua nikisema, utauliza kuna nini humo, na utazitoa, na chumba kitabaki na harufu yako peke yako. Nikasema acha, ni dakika chache tu. Nikatoka. Nikafunga mlango nyuma yangu, Aunti, na nikausukuma ushike.

Mama Stephen asingekuja kuomba chumvi akawakuta na kuwatoa nje, singekuwa na mtu wa kumwandikia. Nilipokuona umelala pale uani na matapishi kwenye shingo, na midomo ya Ndwiga ilivyokuwa, nilikimbilia chooni nikajifungia. Watu walipoanza kusema marehemu amewakaba, nilifurahi. Niliwaachia Mama yangu abebe. Na alipotuliwa yeye, ukatwikwa wewe.

Chumba sasa kimekwanguliwa hadi mawe. Fundi alilowesha ukuta kwanza vumbi lisiruke, akauosha kwa dawa ya jiki, akatupa dari yote. Anasema kikauke wiki mbili madirisha wazi, ndipo apige plasta na chokaa. Matundu yako wazi. Upepo ukipita, zile nyaya zinatetemeka kama cherehani inayoshona mbali. Sikimbii tena.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu usikubali kuambiwa ulifanya kitu ambacho hukufanya. Nikimaliza kutia jina nitampelekea Baba chai na nitamsomea barua hii yote. Kuongea sijui, lakini kusoma najua.

Msalimie mama yako, na Bundi, na Ndwiga mshike mkono wa kulia unisalimie.

Ni mimi mtoto wako ukinikubali,
Igoki Njagi

Nimeongeza hapa chini, Jumamosi hiyo hiyo. Nimemsomea. Pale kwa jiko sauti ilikwisha, akachukua karatasi akamalizia mwenyewe. Hakunipiga. Aliniomba ule mfuko. Alitoa kitambaa cha bluu akakiweka usoni, akakaa hivyo hadi chai ikapoa, kisha akasema kinanuka ukungu tu. Akaenda kukitupa na vile vingine kwenye shimo la taka, akarudi akaniuliza gari la kwanza la Meru hutoka saa ngapi.

Kwa hivyo sitaiposti hii barua. Nitakuja nayo mkononi, na nikishindwa kusema, nitakupa usome. Sijui kama mtatufungulia. Tutabisha.