Shemeji Kawaanika Minyoo

"Miche ina kiu, nimekwambia!" "Kiu gani, na udongo unachuruzika maji?" Shoga, hivyo ndivyo wanavyofokeana shangazi na shemeji yake, yule anayejiita Daktari wa Miche. Tena mbele ya mteja!

Mteja mwenyewe ni yule mama aliyeagiza miche yote ya uzio iliyomo kwenye vyungu. Akiikataa, kitalu cha shangazi ndiyo basi.

Shangazi akashika mche mmoja ulionyauka, akauvuta. Ukatoka kama kofia kichwani! Mizizi hakuna. Kwenye udongo funza weupe wamejikunja, wanene, hawana habari na mtu.

"Si nilikupa ile pakiti ya minyoo wadogo wanaoua funza?"

"Niliimwaga yote, shemeji."

"Ulikuwa umeiweka kwenye friji?"

"Aa, friji ingewalaza. Niliwaanika kwanza juu ya bati, wapate joto waamke na njaa."

Shoga. ALIWAANIKA. Viumbe hai wa kukaa kwenye ubaridi, kawaanika juani kama soksi, halafu akapita chungu kwa chungu kwa madaha, anamwagilia maiti!

Na bado anakuna kidevu: "Labda walikuwa wavivu." Wavivu!

Shangazi anangoja tu mteja ageuze gari. Yule mama akapangusa funza kwenye kiatu chake.

"Miche mingine nitasubiri," akasema. "Ila huyu bwana naomba uniazime wiki moja. Jirani yangu ana bustani inaniudhi."