Mtani Niliyempa Barua ya Onyo

Mpendwa mtani wangu,

Sianzi na salamu za heshima, maana ungenicheka hukohuko uliko. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hukuwahi kuniamkia vizuri hata siku moja. Ulikuwa unaingia ofisi ya walimu, unatupa mkoba mezani, unasema, "Mpagazi, umeamka? Tua mzigo, unywe chai." Basi leo zamu yangu. Mgogo, umelala? Inuka nikuambie jambo.

Ni Jumamosi, niko ofisini. Wanafunzi wa bweni wanafua huko nje na kelele zao zote zinaingia dirishani. Hii si barua ya siri. Jumatatu nataka kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, palepale nilipobandika ile nyingine, ili walioisoma ile waisome na hii. Nikiona haya nikairudisha mkobani, basi nimebaki yuleyule, na machozi yote niliyolia Ulyankulu yalikuwa maigizo.

Unakumbuka siku uliyoripoti? Ulitoka Dodoma na sanduku la bati na godoro, ukauliza ofisi nzima, "Mnyamwezi ni nani humu?" Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Ukanipa godoro lako nikushikie. "Babu zako walibeba pembe mpaka pwani," ukasema, "godoro litakushinda?" Nami nikakujibu kwamba babu zako walikaa njiani wakiwauzia wapita njia maji ya Mungu. Walimu wakacheka mpaka mkuu wa wakati ule akatoka kuangalia kuna nini. Godoro nilibeba. Mpaka leo sijui kwa nini nililibeba, lakini lilikuwa jepesi na nilikuwa na furaha.

Halafu tukajiandikisha wote kusoma shahada kwa masafa, wewe historia, mimi uraia, na somo moja la falsafa ya siasa tukaligawana. Kitabu kilikuwa kimoja, tena nakala kivuli, na kila mtu alikitaka. Ukachukua wembe ukakikata katikati. Wewe ukabaki na nusu ya kwanza, yenye sura ya udhalimu, mimi nikachukua nusu ya pili, yenye sheria na katiba. Kila Jumamosi tulikuwa tunakutana Ng'ambo, kwa Mama Zaituni wa chapati, tunabadilishana. Nusu yako ilikuwa inanuka mafuta ya kukaangia. Yangu nilikuwa nimeifunga jaladio la gazeti, nawe ulinicheka kwa hilo pia.

Tulibishana sana pale, jamani. Mimi nilikuwa nakariri: dhalimu ni mtawala anayetawala kwa faida yake, asiyefuata sheria, anayetisha watu. Wewe ukawa unatikisa kichwa huku unatafuna. "Hiyo ni tabia yake," ulisema. "Mimi nataka kujua utamtambuaje kabla hajaanza kutisha." Nikakuuliza utamtambuaje. Ukafuta vidole kwa karatasi, ukasema, "Tafuta mtu anayeweza kumcheka usoni akaenda zake nyumbani salama. Ukimkosa, ujue umefika kwake." Nikasema hiyo si falsafa, huo ni utani. Mama Zaituni akadakia kutoka jikoni, "Mwalimu, muache mwenzio, kasema kweli huyo!" Nilikasirika kidogo, nakiri. Sikupenda kushindwa mbele ya chapati.

Na ile safari ya Kwihara! Tuliwapeleka kidato cha nne kwa miguu, waione ile njia ya misafara kwa nyayo zao. Wewe mbele na sufuria la wali kichwani, mimi nyuma na fimbo. Ukawaambia kwamba aliyetangulia msafara alikuwa kirangozi, kapambwa kwa manyoya, anaimba, na mzigo wake mwenyewe yuko nao begani. Wapagazi walimtania njia nzima. Akiwa mvivu walimwimbia uvivu wake. Binti mmoja mweusi mwembamba akanyoosha mkono. "Mwalimu, je, dhalimu mwenyewe huwa anajijua?" Mimi nikaanza kutafuta jibu la kitabuni. Wewe ukatua sufuria chini, ukafikiri kweli, ukasema, "Sidhani. Muulize mtani wake."

Siku ile nilikupenda, mtani. Si mapenzi ya kuoana, unajua mwenyewe. Nilikupenda kwa sababu nilikuwa naweza kuwa mjinga mbele yako na nisipungukiwe kitu.

Kisha nikapewa ukuu wa shule.

Ulikuwa wa kwanza kunipongeza, ukaja na kata ya kitambaa uliyoshona mwenyewe, vibaya, ukaniwekea kichwani mbele ya wote. "Mzigo huu ni wa kweli sasa." Nilicheka mwaka mzima wa kwanza. Wa pili nikacheka kwa mdomo tu. Sijui ilianza lini hasa. Walimu walikuwa wanasimama nikiingia, mwanzoni nawakataza, baadaye nikaacha kuwakataza, baadaye nikawa naangalia nani kachelewa kusimama. Nikisema jambo dogo la kuchekesha wanacheka kabla sijamaliza. Nikazoea. Ni kitu kitamu, mtani, sitakudanganya. Nilikuwa nafundisha sura ya udhalimu darasani kila mwaka, kwa mifano ya wafalme wa mbali, naandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, na sikuwahi kujiona hata mstari mmoja.

Ndipo ikaja siku ya mahafali. Wewe ndiye mshereheshaji. Wazazi wamekaa juani tangu saa tatu, mgeni rasmi kafika, na mimi nilikuwa bado nyumbani nabadilisha kitenge cha tatu. Nilipoingia, saa tano na nusu, ukashika kipaza sauti. "Wageni wetu, mtusamehe. Mpagazi wetu amechelewa kwa sababu leo mzigo ni mzito. Amebeba cheo."

Uwanja mzima ulicheka. Wazazi, wanafunzi, wapishi. Mgeni rasmi alipiga paja. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mstari wa mbele, akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Mimi peke yangu sikucheka.

Jumatatu nikakuandikia barua ya onyo. Utovu wa nidhamu, kumdhalilisha kiongozi hadharani. Nikagonga muhuri. Nikaibandika ubaoni kwa pini nne, wote waisome. Wewe mwalimu wa historia, niambie kama uliwahi kusikia Mnyamwezi kampa Mgogo barua ya onyo kwa sababu ya utani! Babu yangu alikuwa anasema hata mtemi alitukanwa na watani wake na hakuwa na la kufanya, na waliowasikia walipata kupumua. Mimi nilikuwa na muhuri, nikaona nimemzidi mtemi.

Uliisoma, ukaibandua, ukaikunja, ukaitia mfukoni. Kesho yake ukaniita mpagazi tena, kwa sauti ya chini, kama unayejaribu maji kwa kidole. Mwezi haukuisha nikapendekeza uhamishwe. Ulyankulu, kule kwa wakulima wa asili ya Burundi, ambako hutakuwa na Mnyamwezi wa kumsumbua ofisini. Ulikuja kuniaga. Ulisimama mlangoni, sikukuambia ukae. "Mtani, hata hunitukani?" ukauliza. Nikasema nina kikao. Sikuwa na kikao chochote.

Ofisi ya walimu ikawa kimya. Kile kimya nilikiita nidhamu, nikakisifia kwenye taarifa zangu. Miaka saba. Nilisikia kwa mbali kwamba umeoa huko, mjane mwenye shamba la mahindi, Konsolata, Mkatoliki safi, na kwamba unaimba kwaya kwa sauti mbaya. Nilitaka kukupigia simu nikutanie juu ya hiyo kwaya. Nilishika simu mara nyingi. Kiburi, mtani. Hakina jina jingine.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Ulilazwa hospitali ya Kitete siku tisa. Kutoka shuleni hapa mpaka Kitete ni bajaji ya muda mfupi, ningeweza hata kutembea. Walimu wangu kumi na sita walikuja kukuona, kwa zamu, na uji na machungwa. Wakarudi wakasimama mbele yangu asubuhi, wakanipa habari za mitihani, za chaki, za choo kilichoziba. Hakuna hata mmoja aliyeniambia uko Kitete. Nilipata habari kwa simu ya Konsolata, ukiwa umeshakufa.

Niliwaita wote. Nikawauliza kwa nini. Mwalimu wa hesabu, mpole kuliko wote, akasema, "Madamu, tuliogopa kukutajia jina lake." Basi. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza udhalimu vizuri namna hiyo. Siku zote nilidhani dhalimu huwaumiza watu wake tu. Kumbe watu wake wanaogopa, wananyamaza, na yeye anakaa katikati ya kile kimya alichokitengeneza, rafiki yake anakufa jirani, na yeye anauliza habari za choo. Nilikuwa nimefunga mlango nikidhani nawafungia nje, na aliyebaki bila habari ni mimi.

Nilikuja Ulyankulu, mtani. Nilivaa suti ile nyeusi ya vikao. Nilikaa nyuma, nikitumaini sitaonekana. Padri alimaliza, kwaya ikaimba kwa Kirundi, jeneza likainuliwa. Dada yako mkubwa aliyetoka Dodoma akasimama njiani na fimbo yake. "Ngojeni," akasema. "Yuko wapi yule Mnyamwezi wake? Mdogo wangu alisema asizikwe bila kutukanwa."

Watu wa kule hawakuelewa. Konsolata alielewa, akageuka, akaniangalia mimi. Walimu wangu wote kumi na sita walikuwa pale, na wanafunzi basi zima. Nikajiuliza wataniheshimuje kesho. Naapa hilo ndilo wazo lililonijia, hata pale.

Kisha nikavua viatu. Nikapita katikati ya watu, nikalala chini mbele ya jeneza, na suti yangu, kwenye vumbi. "Hazikwi!" nikapiga kelele. "Mgogo huyu hazikwi mpaka anywe maji! Babu zangu walipita kwenu na mizigo wakiomba maji mkawabania. Leo Mgogo ndiye mwenye safari, na maji anayo Mnyamwezi!" Nikainuka, nikamnyang'anya mtoto wa kwaya chupa, nikamwaga maji kidogo juu ya jeneza. "Kunywa, mchoyo wewe! Na huko uendako usiimbe, utafukuzwa!"

Dada yako akaangua kicheko, akapiga vigelegele, na kwaya ikacheka, na mwalimu wa hesabu akacheka huku ameshika tumbo. Walikuwa wananicheka mimi, Madamu wao, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyeogopa. Nami nikacheka. Nikalia vilevile, sauti moja haikutofautika na nyingine.

Baadaye Konsolata aliniita ndani. Akanipa nusu ya kitabu, ile ya wembe, bado inanuka mafuta ya kukaangia. "Alisema ni yako," akaniambia, "na kwamba ungeijia mwenyewe." Katikati ya sura ya udhalimu ilikuwemo barua yangu ya onyo, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nyuma yake umeandika kwa penseli:

"Mpagazi, mzigo huu ni wako. Nakubebea kidogo tu, naona umechoka. Ukipumzika uje uuchukue."

Mgogo umembebea Mnyamwezi mzigo miaka saba, na hukulalamika. Nisamehe. Sitaki kulisema kwa mafumbo wala kwa falsafa: nilikukosea, nilijua nakukosea, na nilikukosa kila siku uliyokuwa mbali.

Yule binti wa Kwihara aliuliza kama dhalimu huwa anajijua. Siku hizi ni mwalimu, Igunga. Nitamwandikia kwamba jibu lako lilikuwa sahihi.

Nimesoma tena nilichoandika pale mwanzo, kwamba nitabandika Jumatatu. Ona ujanja wangu. Jumatatu ni mbali, mpaka ifike nitakuwa nimeshapata sababu. Nimemwita mlinzi, kaniletea pini nne, na ananitazama anashangaa Madamu analia nini Jumamosi. Nabandika sasa hivi. Na pembeni yake naibandika ile barua ya onyo, muhuri wangu ukiangalia ukuta na penseli yako ikiangalia watu.

Lala salama, mchoyo wa maji. Mzigo nimeuchukua.

Mtani wako,
Mpagazi