Mita Tano Kutoka Msingi wa Pampu

Bwana Chifu, wazee wa Gasa, ambao baraza lenu ndilo mwamuzi wa mambo ya kijiji hiki, Imamu wetu, Mzee Barisa na wazee wenzako mliofika kutoka malishoni, akina mama, vijana: nawasalimu nyote kwa heshima mnayostahili.

Nimetakiwa kueleza jinsi tulivyofika kwenye jambo la leo. Nilipokaa kuyapanga maneno, niliona kwamba anayestahili kuyasikia kabla ya sisi sote hayupo hapa. Kwa hiyo nimemwandikia barua, na kwa ruhusa yenu nitaisoma kabla sijaifunga, ili kila neno lililomo liwe na mashahidi.

Dada yangu mpendwa Hadija,

Siku uliyopanda gari na binti zako wawili kwenda Malindi, matope ya yale mafuriko ambayo redio iliyaita El Nino yalikuwa bado yananuka mpaka ndani ya nyumba. Ulinishika mkono ukasema, "Anayetaka kulima pale na alime. Mimi sioni tena hata pa kusimama." Nilijua ni kweli, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutazama mwenyewe. Mto ulikuwa umejimwaga, ukalaza udongo wake juu ya kila kitu, na mashamba yote, ambayo tumezoea kuyajua kama vipande vyembamba vinavyoanzia mtoni na kurudi nyuma, yalikuwa yamekuwa uwanja mmoja wa rangi moja. Mwenye alama yake iliyosalia alibaki na shamba. Wewe alama yako ilikuwa kisiki, na kisiki hakikuonekana.

Leo nakuandikia kukwambia kwamba shamba lako limepatikana, dada. Limepatikana kwa kamera ile uliyoiita jicho la chongo.

Unaikumbuka siku tuliyoinunua? Mama alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na tulipotafuta picha yake hata moja ya kuwaonyesha wajukuu, hatukupata. Mpiga picha aliyekuwa akitoka Malindi mara moja kwa mwaka alimpiga mara mbili. Mara ya kwanza alimkata kichwa, mara ya pili alitoa bega tu. Nikaapa kwamba katika nyumba yetu hatazikwa mtu mwingine bila sura. Tukaenda wote wawili mpaka Malindi, kwenye studio ya babu mmoja aliyekuwa akipunguza kazi, nikataka ile nyeusi ndogo iliyokuwa juu ya kabati. Mimi nilikuwa tayari kulipa alichotaja. Wewe ulinikanyaga mguu.

"Babu," ulimwambia, "kitu hiki hakina hata betri, nawe unatutajia bei ya redio?"

"Ndiyo uzuri wake, mama," akajibu. "Hii haikufikirii. Inakupimia umbali tu, kufikiri ni kazi yako."

Alitufundisha pale pale kaunta. Ukitazama katika kidirisha chake unamwona mtu mmoja kwa sura mbili, moja kamili na moja hafifu iliyosogea kando. Unaizungusha pete ya lenzi taratibu mpaka sura hizo ziingiane ziwe moja. Hapo picha itatoka safi, na pete yenyewe inakusomea umbali kwa mita. Tuliporudi nyumbani ulikuwa wa kwanza kutazama, ukaielekeza kwa jirani yetu Mzee Komora aliyekuwa akipita na mzigo wa migomba.

"Mbona nawaona Komora wawili?" ukapiga kelele. "Mmoja alikuwa anatutosha!"

Na yeye kutoka njiani: "Mtazame vizuri yule wa pili, Hadija, huenda akakuoa!"

Siku hizo tulicheka. Sikujua bado kwamba kamera ya namna hii ina mtego wake. Kile kidirisha unachotazamia hakipiti katika lenzi. Kwa hiyo unaweza kuona ulimwengu wote vizuri kabisa huku kifuniko cheusi kimekaa mdomoni mwa lenzi. Ndivyo nilivyoipiga arusi ya binamu yetu yote, kutoka kuingia kwa bwana arusi hadi kuliwa kwa pilau. Filamu ilikwenda Malindi kuoshwa, ikarudi na karatasi ya yule babu: "Mwalimu, filamu yako imetoka wazi kama glasi. Kifuniko kilitoka?"

Uliisoma wewe kwa sauti, mbele ya watu. Na mama wa bibi arusi, Mungu amzidishie, akauliza kwa upole wake wote, "Kwani arusi tulifanya, mwalimu, au tuliota?"

Nilikaa wiki nzima sitoki ila kwenda shule. Ni wewe uliyenitoa. Ulisema, "Wewe unawafundisha watoto kuandika herufi a mara mia. Nenda kaandike a zako." Basi nikaamua kwamba sitampiga tena kiumbe mwenye kusubiri picha kwa furaha mpaka mikono yangu iijue kamera gizani na mchana. Nitaanza na vitu visivyokimbia wala kulalamika. Kila picha nitaiandika daftarini: nimesimama wapi, nimelenga nini, pete imesoma mita ngapi. Kisha nitapima kwa tepu ya shule, nijue kama pete inasema kweli.

Kwa kuwa mikono ilinitetemeka, nilitafuta mahali pa kuiegemeza kamera. Nikapata ule msingi wa saruji wa pampu ya zamani katika shamba lako, karibu na mto. Jioni ngapi nilizipoteza pale, dada? Nilipiga kisiki chako cha mpakani. Nilipiga nguzo ya malka, ile njia tuliyowaachia ng'ombe wa ndugu zetu wafugaji washuke kunywa maji. Nilipokosa kitu cha kulenga nilikuita wewe.

"Panda kwenye kisiki. Usitikisike."

"Nimeacha mboga motoni!"

"Dakika moja tu."

"Hiyo dakika yako ina watoto na wajukuu. Piga basi!"

Katika picha ya kwanza una ukungu usoni kama mtu aliyetazamwa ndani ya mvuke. Katika ya tatu unaonekana mpaka uzi wa leso, mguu mmoja juu ya kisiki, mdomo wazi, unanitukana. Nyuma ya picha hiyo niliandika: *Dada, kisikini. Mita tano kutoka msingi wa pampu.* Na ya nguzo ya malka: *mita kumi.* Tepu ya shule ilikubali zote mbili. Siku hiyo nilijisikia kama niliyefaulu mtihani mkubwa, wala hapakuwa na yeyote wa kunipigia makofi ila wewe, kwa kejeli.

Maji yalipokuja, uliniona nikiifunga kamera, picha na daftari ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, nikaviweka kwenye sufuria na kufunga kifuniko kwa kamba. "Watu wanabeba unga," ulisema, "wewe unabeba jicho." Unga tuliobeba uliisha siku ya nne.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuondoka. Maji yalipokauka Mzee Komora alipanda mahindi. Alipanda kipande chake, akaendelea na chako, akaivuka njia ya malka. Sitamsingizia ubaya, aliapa kwamba kwa macho yake lile lote lilikuwa lake, na hakuna aliyeweza kumwonyesha pengine. Lakini Bwana Chifu alipotangaza kwamba orodha ya mashamba itaandikwa upya, nilielewa kwamba jina litakaloandikwa pale litabaki pale, na kwamba binti zako wangekua wakiita Malindi kwao. Mzee Barisa naye alilalamika kwamba mifugo yake haina tena mahali pa kushukia. Katika kikao cha kwanza maneno yalipanda mpaka fimbo zikashikwa. Mimi nilisimama, nikasema shamba ni lako, na Mzee Komora akaniuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, linaanzia wapi?"

Nilirudi nyumbani na aibu kubwa kuliko ile ya arusi. Nilikuwa nalishika daftari kuandika maandalio ya masomo ya kesho yake, na kumbe nimechukua daftari lingine. Likafunguka kwenye maandishi yangu mwenyewe: *Mita tano.*

Alhamisi iliyopita nilizitandaza picha mezani mbele ya Chifu na wazee. Mzee Komora aliichukua ile uliyosimama kisikini, akaisogeza karibu na macho, akaiondoa, akairudisha.

"Huyu ni Hadija," alisema.

"Ndiye."

"Na huyu nyuma yake, aliyeinama?"

Nilikuwa sijawahi kumwona, dada. Miezi yote ile nilikuwa nikikutazama wewe. Nyuma yako, upande wa pili wa kisiki, kuna mtu mwenye kofia ya ukindu iliyotoboka juu, ameshika jembe, anapalilia migomba. Kofia hiyo hiyo ilikuwa kichwani pa Mzee Komora.

"Hilo ni shamba langu ninalolima," akasema polepole. "Naye amesimama mwisho wake." Kisha akaiweka picha mezani. "Wazee, naweza kubishana na mwalimu. Naweza kubishana na Barisa mpaka kesho. Siwezi kubishana na mgongo wangu mwenyewe."

Hatukuishia hapo, kwa sababu sikutaka mtu aje aseme baadaye kwamba shamba lilitolewa kwa huruma. Tulitoka wote hadi uwanjani. Katika picha, mbali nyuma ya Mzee Komora, inaonekana ile miti miwili mirefu ya mikoma ambayo mafuriko hayakuiweza, mmoja umemficha mwenzake nusu. Nilitembea na picha mkononi, wazee nyuma yangu, mpaka mikoma ikakaa machoni mwetu kama ilivyokaa pichani. Tukachimba kuutafuta msingi wa pampu. Shimo la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu alishika jembe Mzee Komora mwenyewe, na pigo la nne likalia kwa mlio ambao kila aliyekuwapo ataukumbuka: chuma juu ya saruji.

Tulinyoosha tepu ya shule kuelekea mikoma. Kwenye mita tano tulikuta mizizi ya kisiki chako, imeoza, lakini ni yenyewe. Tukageuka upande wa pili, na kwenye mita kumi tukakuta shina la nguzo ya malka.

"Ng'ombe zangu zilijua," alisema Mzee Barisa. "Kila siku zinasimama hapa, zinalia, nanyi mnasema ni jinga."

Hata Mzee Komora alicheka. Nikamwomba asimame wima nimpige picha, maana ninayo ya mgongo tu. Nilitoa kifuniko. Sikuhitaji kukumbushwa; vidole vyangu viliizungusha pete vyenyewe, sura zake mbili zikaingiana kabla sijafikiri. Nilitamani sana ungekuwapo useme neno lolote la kuniudhi.

Kabla sijaiaga kalamu, dada, nisome uamuzi mbele ya waliouafiki, ili ukufikie ukiwa umekamilika. Bwana Chifu na wazee wa Gasa wameamua hivi. Kipande kilicho kati ya kisiki na malka kinaandikwa kwa jina la Hadija, na baada yake binti zake. Mzee Komora atavuna mahindi yaliyo katika kipande hicho, kisha atarudi upande wake. Naye ameomba, na amekubaliwa, awe ndiye atakayekuletea barua hii Malindi kwa mkono wake. Malka inafunguliwa leo, kabla ng'ombe hawajarudi. Na Jumamosi asubuhi kila nyumba ilete jembe na nguzo moja. Majirani wawili wawili watasimama pamoja kwenye mpaka wao, nami nitapima na kuwapiga picha wakiwa wameushika mpaka huo kwa miguu yao, nakala moja ibaki kwa Chifu. Tutaanzia juu ya kijiji, tushuke. Nguzo ya kisikini itakuwa ya mwisho, na yeyote kati yenu asiichimbie, hata kwa nia njema. Inamsubiri mwenyewe.

Njoo na viatu vya matope.

Wako kwa mapenzi,

Mdogo wako