Majivu ya Televisheni

Kerenge, Korogwe
9 Septemba

Mdogo wangu Petro,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mama watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimepungua. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo hata hivyo halijanizuia kwenda shambani. Watoto wa hapa wanakuamkia.

Nakuandikia nikiwa na hasira, wala siifichi. Ni kuhusu majivu uliyoniletea kutoka Handeni, huko unakochoma maganda ya televisheni na nyaya ili upate shaba. Ulisema ni sawa na ya jikoni, tena makali zaidi, niyachanganye na mahindi ili yasitobolewe na dumuzi. Nikachanganya. Dumuzi walikufa kweli. Jirani yangu Rosina alikuja kuomba sahani nzima ya majivu hayo, akisema wewe umewashinda mabwana shamba wote.

Wiki iliyopita alipita Bwana Bonaventura, mtaalamu wa mazingira, akayaona madebe yangu ya mahindi. Nilipomweleza majivu yalikotoka, alivua kofia akakaa chini. Alisema plastiki ya televisheni huchanganywa na dawa yenye bromini ili isishike moto upesi. Ikichomwa, sehemu yake hubaki katika majivu, na nyingine hugeuka sumu mbaya kuliko ile ya kwanza. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo kuosha mahindi hakutoshi. Hukaa udongoni miaka mingi bila kuoza. Hushikamana na mafuta: kuku akiidonoa huingia katika yai, na mama akiila huingia katika maziwa yake. Haiui papo hapo. Huvuruga tezi ya shingoni, na inaweza kudhuru akili ya mtoto angali tumboni.

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema nisiyachome, nisiyafukie, nisiyamwage mtoni. Niyafunge katika mifuko nisubiri. Nisubiri nini, hakujua. Nilimwambia kwamba ni bure kuniletea habari ya sumu isiyooza kama hana hata pa kuipeleka. Rosina naye nilipomtaka arudishe yake, alicheka, akisema kwamba bibi mzima naogopa majivu, na kwamba yakiua dumuzi basi yamefanya kazi tuliyoyatuma. Bado anakula.

Petro, kuna jambo niliahidi kulificha. Binti yako Loveness hayuko kazini Arusha kama alivyokuambia. Yuko kwangu, ana mimba ya miezi saba. Ulisema binti atakayepata mimba kabla ya ndoa asikanyage kwako, naye akakuamini. Uji anaokunywa asubuhi na jioni ulikuwa wa mahindi yale.

Nimempeleka kliniki na kueleza yote. Wamesema wataendelea kumwangalia, na kwamba mtoto akizaliwa anyonyeshwe bila kusita. Mahindi yale nimeyafunga mifukoni pamoja na majivu yake, na mengine sina. Lete gunia safi, na kabla ya kuja uoge na kubadilisha nguo za kazi. Maneno ya kugomba yaache hukohuko.

Nilipomwambia Loveness kwamba nakuandikia, alilia. Kisha akauliza kama baba yake, anayeuvuta moshi ule kila siku, amekwenda kupima kile kikohozi. Njoo umjibu mwenyewe.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mungu awalinde.

Dada yako,
Hosiana