Nimechuma Mbono za Makaburini, Mashine ya Mjomba Imezima

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla sijafanya ujinga mwingine. Mimi mtu wa Newala, nimeoa Chiungutwa na ninaishi ukweni, na mwenye kauli hapa ni mzee Lukmani, mjomba wa mke wangu Shamila, mwenye mashine ya kusaga. Nilijifunza kutengeneza dizeli kwa mafuta ya mbegu za mbono, nikataka wakwe nao wanione mtu, lakini mbono za uani zilikuwa zimekwisha na zile za makaburini kwao zimejaa tele kwa sababu hakuna anayezigusa, basi nikazichuma bila kumwambia mtu, nikakamua, nikachanganya na spiriti na magadi makali ya kutengenezea sabuni, nikamimina kwenye tangi la mashine kimyakimya ili ikisaga vizuri ndipo niseme, nayo ikasaga kidogo, ikakohoa, ikazima mpaka leo. Sasa mzee anasema Dadi anayeiendesha kachakachua dizeli, Ijumaa anamfukuza, na Dadi ana watoto, nami nikisema ukweli wataniambia nimewaibia wafu wao, wataniachisha mke, na Shamila ni mjamzito. Je, mizimu imekasirika? Nirudi kwetu?

Hamudi, Chiungutwa

Marahaba, Hamudi. Pole, ila pole yangu ni fupi. Mizimu haizibi chujio la dizeli, baba! Mafuta hayo yanaachwa yatulie, mashapo mazito ya chini yanatolewa, yanaoshwa kwa maji, kisha yanakaushwa kabisa. Wewe uliyaosha? Ulikuwa na haraka ya kusifiwa. Aitwe fundi asafishe tangi na chujio, na mtu yeyote asijaribu kuiwasha mashine kabla fundi hajamaliza.

La makaburi si la fundi. Uliona miti imejaa na kijiji kizima kinaipita, hukujiuliza? Kwani Newala hamna makaburi?

Na habari ya kurudi kwenu sitaki kuisikia. Ukitoroka, Dadi atakula hasara yako na wanawe. Mwambie Shamila leo, asije akalisikia kisimani. Kisha mwite mjomba wako wa Newala atangulie kusema kwa mzee Lukmani, maana mkwe haendi kuomba radhi peke yake, na uende kabla ya Ijumaa. Mzee akifoka, nyamaza. Akitaka unga wa tambiko la kuwaomba radhi wafu, usikimbilie dukani. Mashine umeizima wewe, kwa hiyo utautwanga mwenyewe kwa kinu, hapo uwanjani, mchana kweupe, mama mkwe akikutazama.