Muzee Niliyemtangaza Marehemu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na vumbi jeusi la mtaa wetu limekuwa tope. Nina hasira, wala sitaki ipoe kabla sijaandika.

Siku kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjwa, nilikuta mfuko wa picha umetupwa juu ya mawe, kati ya mahema yaliyochanika. Picha za harusi, za komunyo, za watoto waliokalishwa kwenye beseni. Sikumjua hata mmoja. Nikaubeba hadi nyumbani.

Hapo ndipo ugomvi wangu na yaya Kambale ulipoanza. Yeye ni kaka yangu mkubwa, na nyumba ni yake. Anasema kwa nyakati hizi picha ya mtu usiyemjua ni kujitafutia matatizo, maana hujui nani anamtafuta mtu huyo, wala kwa nini. Alinipa hadi Jumapili niziondoe, la sivyo atazichoma mwenyewe.

Nikachagua moja: mwanamume peke yake, koti limempwaya, na nyuma imeandikwa kwa kalamu ya bic, "Souvenir, Kiwanja", yaani kumbukumbu ya mji wa Kiwanja. Nikaibandika kwenye mlango wa parokia ili mwenyewe apatikane, na chini yake nikaandika namba yangu ya simu.

Kosa langu ni hilo.

Nani asiyejua, Goma hii, kwamba picha ya mtu mzima ikibandikwa kwenye mlango wa kanisa ni tangazo la kifo? Nimesoma matangazo hayo tangu utotoni, na bado sikufikiri. Mtu aliipiga picha kwa simu yake akaituma huko Kiwanja. Kufikia jana, watu walikuwa wameshaketi kilioni.

Leo saa nne marehemu amefika kwetu kwa pikipiki, ameelekezwa parokiani, tope hadi magotini, picha yake mkononi. Anaitwa muzee Kasereka.

"Ni weye njo uliniua?" aliniuliza kabla hajaketi. "Batu banalia kwangu tangu jana. Shangazi yangu amenyoa kichwa!"

Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba anacheka. Niliomba msamaha mara tatu, na aibu ilinijaa hadi masikioni. Kisha muzee akashusha sauti na kuuliza nilikoipata picha ile. Nikamwambia. Akataka kuona mfuko wote.

Tulizimwaga picha mkekani. Alipekua taratibu, akiomba radhi kwa kila sura isiyo yake. Mkewe alifariki kambini akijifungua binti yao wa mwisho. Vitu vyao vyote vilipotea walipokimbia kutoka kambini.

"Mutoto hajaona sura ya mama yake hata siku moja," alisema. "Ananiuliza alikuwa namna gani. Ninamuambia alikuwa muzuri. Sasa hilo ni jibu?"

Zilikuwa zimebaki picha chache alipompata mkewe. Kitenge cha maua, mikono kiunoni, mwanamke anayemtazama mpiga picha kama anayemdai.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Akapiga simu nyumbani, ile ya kuonana, akanipa niishike. Yeye akaiinua picha. Kasichana kakatokea, kakatazama.

"Papa, ule ni nani?"

"Ni mama yako, Neema."

Kakasogeza uso kwenye simu. Kisha kakaamuru: "Leta karibu."

Muzee ameondoka na picha mbili, yake na ya mkewe, kifuani, ndani ya shati. Yaya alienda uani. Jioni amerudi kunikumbusha kwamba Jumapili ni Jumapili. Yaya, ninakuheshimu, umenilea. Lakini moto huo utauwasha nikiwa nimeukalia mfuko huu.

Kesho ninarudi parokiani na picha nyingine. Safari hii juu yake nitaandika kwa herufi kubwa: SI KIFO, NATAFUTA MWENYEWE. Wacheke wanaotaka kucheka.

Maana kuna mtoto mwingine mahali fulani anayeambiwa tu kwamba mama yake alikuwa mzuri.

Sichomi.